Waliouawa na Safari: Vifo vya Uhamisho wa Fukushima na Anayepaswa Kuvibeba

Kati ya mikoa mitatu ya Japani iliyopigwa vibaya zaidi na tsunami ya tarehe 11 Machi 2011, Miyagi ndio uliozika watu wengi kuliko mingine: zaidi ya 9,500. Iwate ulipoteza zaidi ya 4,600. Fukushima ulipata nafuu ukilinganishwa na majirani zake hao, kwani waliouawa moja kwa moja na tetemeko na mawimbi walikuwa 1,600 hivi. Lakini serikali ya Japani ina daftari la pili, la watu waliokufa baadaye kwa sababu zinazotokana na maafa hayo: bibi aliyeshikwa na nimonia kwenye sakafu ya ukumbi wa shule, mgonjwa wa figo aliyekosa kusafishwa damu, mtu aliyejiua. Katika daftari hilo mambo yanapinduka. Miyagi una majina yasiyofika 1,000, Iwate hayafiki 500, na Fukushima yamepita 2,300. Ni mkoa pekee kati ya hiyo mitatu ambao vifo vya baadaye vimezidi vifo vya siku yenyewe.

Kilichokuwapo Fukushima na hakikuwapo kwa wenzake ni ajali ya nyuklia. Si kila jina katika hayo 2,300 linatokana nayo. Wapo ambao nyumba zao zilichukuliwa na maji, na wangeteseka hata kama mtambo usingeguswa. Lakini Miyagi nao ulikuwa na watu wa namna hiyo, tena wengi zaidi, na haukupata hata nusu ya idadi hiyo. Hoja ya makala hii ni kwamba vifo vya uhamisho ni vifo vya ajali ya nyuklia kwa maana kamili, na kwamba ubishi wa miaka mingi kuhusu kama mionzi iliua au haikuua umewafungulia wahusika mlango wa nyuma wa kutokea.

Yaliyotokea ndani ya mtambo wa Fukushima Daiichi, mali ya kampuni ya TEPCO, yameandikwa sana, nami nitayapitia haraka. Vinu vitatu kati ya sita vilikuwa vikifanya kazi. Tetemeko lilikata umeme wa nje, jenereta za dizeli zikawaka kama ilivyopangwa, na chini ya saa moja baadaye bahari ikaja kwa kimo cha mita 14 hadi 15 ikazizamisha. Bila umeme hakuna pampu, na bila pampu hakuna maji ya kupoza. Mafuta ya nyuklia yaliyeyuka katika kinu namba 1, 2 na 3; gesi ya haidrojeni ikalipua majengo tarehe 12, 14 na 15. Amri za kuhama zilitoka kipande kwa kipande. Usiku wa kwanza iliamriwa kilomita 3, alfajiri ikawa 10, jioni 20, na tarehe 15 waliokuwa kati ya kilomita 20 na 30 wakaambiwa wajifungie ndani. Kila amri iliwakuta watu wakiwa hawajamaliza kutii iliyotangulia. Kufikia mwaka 2012 waliokuwa nje ya makazi yao katika mkoa huo walizidi 160,000.

Hospitali ya Futaba, katika mji wa Okuma, ilikuwa kilomita nne na nusu hivi kutoka kwenye mtambo. Ilikuwa na wagonjwa zaidi ya 300, wengi wao wazee na wenye maradhi ya akili, na jirani yake, chini ya uongozi uleule, yalikuwapo makao ya wazee yenye watu 98. Tarehe 12, baada ya amri ya kilomita 10, mabasi yaliletwa yakawachukua walioweza kutembea, wagonjwa 200 na ushei, pamoja na karibu wafanyakazi wote. Waliobaki hospitalini ni wale wa kitandani: wa dripu, wa mipira ya kulishia, watu wasioweza kujigeuza wenyewe, wakiwa na mkurugenzi na wasaidizi wachache. Umeme hakuna, maji hakuna, simu hazishiki. Walitarajia mabasi yangerudi kuwachukua. Hayakurudi siku ile, wala kesho yake.

Wanajeshi walifika tarehe 14, siku ambayo jengo la kinu namba 3 lililipuka. Walichokuja nacho ni mabasi ya kawaida. Mtu aliyelala kitandani miezi mingi akaketishwa kitini kama abiria anayekwenda sokoni. Walikuwa wakipelekwa Iwaki, mji ulio kusini, ambao kwa barabara ya pwani si mbali hata kidogo; lakini barabara hiyo inapita karibu na mtambo. Kwa hiyo msafara ulianza kwa kwenda kaskazini, Minamisoma, ili abiria wapimwe mionzi, ukazunguka magharibi kupitia mji wa Fukushima, ndipo ukashuka kusini. Ulikuwa mwendo wa kilomita 230 hivi, zaidi ya saa 10, bila tiba ya aina yoyote njiani, na mwisho wake haukuwa hospitali. Ulikuwa ukumbi wa michezo wa shule ya sekondari. Wapo waliofariki ndani ya basi, na wengine walifariki usiku ule ule sakafuni. Siku chache baadaye ofisi ya mkoa ikatoa taarifa iliyodokeza kwamba wafanyakazi waliwatelekeza wagonjwa wao. Ikabidi baadaye isahihishwe, lakini aibu ilikwisha kuwapaka watu waliokesha na wagonjwa gizani.

Hati ya mashtaka dhidi ya wakuu wa TEPCO, iliyofikishwa mahakamani miaka mitano baadaye, ilitaja vifo vya watu 44 wa hospitali hiyo na makao yale ya wazee. Hakuna ushahidi kwamba mionzi ilimuua hata mmoja wao. Waliuawa na kiu, na baridi ya Machi, na kukosa dawa, na kuketishwa saa 10 katika mwili usioweza kuketi.

Nitaje pia ufuo wa Ukedo, katika mji wa Namie, kilomita chache kaskazini mwa mtambo, kwa sababu wafu wake hawamo katika daftari la pili. Maji yaliifagia Ukedo. Usiku wa tarehe 11 wazimamoto wa mji walisikia sauti na kugongwa kwa vitu chini ya vifusi. Hawakuwa na taa wala mashine, na bahari ilikuwa bado inapanda na kushuka, wakaazimia kurudi kukipambazuka. Alfajiri, kabla hawajaanza, ikaja amri ya kilomita 10. Ilibidi waondoke, wao na mji mzima. Msako mkubwa katika eneo hilo ulianza katikati ya Aprili, mwezi mmoja baadaye. Waliokufa Ukedo wameandikwa wote kuwa wafu wa tsunami. Ni wangapi kati yao walikuwa hai asubuhi ya tarehe 12 hakuna atakayejua kamwe, na kutojua huko ndiko kunakoendelea kuwala wazimamoto wale na ndugu wa marehemu mpaka leo.

Watu wa Namie waliokimbia asubuhi ile walielekea Tsushima, sehemu ya milimani ya mji wao, kaskazini-magharibi. Meya wao, Baba Tamotsu, alikuwa ameijua amri ya serikali kupitia televisheni. Hakuna aliyempigia simu, licha ya mji kuwa na makubaliano na kampuni kwamba ungearifiwa. Maelfu walijazana Tsushima katika shule na kumbi, wakapika nje, watoto wakacheza nje. Upepo ukageuka ukapeleka wingu la mionzi huko huko. Serikali ilikuwa na mfumo wa kompyuta, SPEEDI, uliotengenezwa kwa miaka mingi na kwa fedha nyingi kukadiria hasa jambo hilo. Makadirio yake hayakuwafikia wakuu wa miji, na wananchi hawakuonyeshwa chochote hadi tarehe 23 Machi. Baba hakuwahi kulisamehe hilo. Alifariki mwaka 2018, mji wake ukiwa sehemu kubwa bado umefungwa.

Kuna hoja nzito inayopinga msimamo ninaoutetea, na inastahili kuelezwa kwa heshima. Kamati ya Kisayansi ya Umoja wa Mataifa inayochunguza athari za mionzi, katika ripoti yake ya 2020, haikukuta madhara ya afya kwa wakazi wa Fukushima yanayoweza kuhusishwa moja kwa moja na mionzi ya ajali hiyo. Kuhusu saratani za tezi ya shingo zilizogunduliwa kwa zaidi ya watu 300 waliokuwa watoto wakati huo, maoni ya kamati ni kwamba idadi hiyo imetokana na uchunguzi wenyewe, uliopima watoto wengi mno kwa mashine nyepesi mno kugundua. Wapo wataalamu wanaopinga, na baadhi ya wagonjwa wamekwenda mahakamani. Mwaka 2017 Philip Thomas wa Chuo Kikuu cha Bristol alikwenda mbali zaidi: kwa hesabu zake, uhamisho wa Fukushima ulipunguza maisha ya watu kuliko ulivyoyaokoa, na haukupaswa kufanywa. Kutoka hapo ni hatua fupi kufika kwenye usemi unaorudiwa kila panapojadiliwa umeme wa nyuklia, kwamba Fukushima mionzi haikuua mtu, kilichoua ni hofu.

Usemi huo naukataa. Kwanza, hesabu za Thomas zinatumia vipimo vilivyopatikana baada ya upepo kutulia. Waliotoa amri usiku wa tarehe 11 hawakuwa navyo. Wiki mbili baadaye bado hawakuwa na hakika: tarehe 25 Machi Kondo Shunsuke, mwenyekiti wa Tume ya Nishati ya Atomiki ya Japani, alimkabidhi Waziri Mkuu Kan Naoto makadirio ya hali mbaya kabisa, na ndani yake eneo la kuhamisha watu lingeweza kufika kilomita 170, na wengine wangehitaji kuondoka hadi kilomita 250, Tokyo ikiwamo. Mambo hayakufika huko, na sehemu kubwa ya mionzi ilipeperushwa baharini. Hiyo ilikuwa bahati ya upepo. Mama aliyembeba mwanawe akakimbia bila kujua upepo utavuma wapi alikuwa anatumia akili, na kumwita mwenye hofu ni kumtoza yeye gharama ya kutoarifiwa.

Pili, na hapa ndipo penye uzito zaidi, uhamisho hauui kwa kiwango kimoja. Nomura Shuhei na wenzake walifuatilia makao matano ya wazee ya Minamisoma. Wakazi 328 walihamishwa, 75 kati yao wakafariki ndani ya takriban mwaka mmoja, na hatari ya kufa ikawa mara 2.7 ya ilivyokuwa kabla ya ajali. Sehemu ya mji huo ilikuwa ndani ya lile eneo la kujifungia, kati ya kilomita 20 na 30, ambamo madereva wa malori walikataa kuingiza chakula na mafuta hata meya, Sakurai Katsunobu, akajirekodi kwenye video na kuuomba ulimwengu msaada kupitia intaneti. Wazee waliondoka huko kwa pupa, wakafika mahali ambapo hakuna aliyejua nani hula uji laini tu, nani hupaliwa akilazwa chali. Utafiti wa baadaye wa kundi hilohilo ulionyesha kwamba uhamisho ule wa kwanza, wa haraka, ndio ulioongeza vifo. Uliopangwa vizuri haukuonyesha ongezeko la maana.

Na Iitate ikatoa mfano wa tatu. Kijiji hicho kiko nje ya kilomita 30 kwa sehemu kubwa, lakini wingu lilikiangukia, na mwishoni mwa Aprili watu wake 6,000 waliamriwa kuondoka ndani ya mwezi mmoja hivi. Meya, Kanno Norio, aliiomba serikali kuu ruhusa ya pekee: wazee wa makao ya kijiji, karibu 100, wabaki pale pale, na wahudumu waje kazini kila siku kwa gari na kurudi jioni, mionzi ndani ya jengo ikipimwa. Ruhusa ilitolewa. Kwa mtu wa miaka 85 ambaye saratani inayochukua miongo kujitokeza si tishio lake kubwa, huo ulikuwa uamuzi wa busara na wa huruma. Ulihitaji mambo matatu ambayo Futaba haikuyapata: vipimo, muda, na kiongozi aliyewajua watu wake.

Kwa hiyo sikubali kwamba lazima tuchague kati ya kulaumu mionzi na kulaumu uhamisho. Mtambo uliojengwa mahali penye maelfu ya watu unadai, tangu siku ya kwanza, mpango wa kuwaondoa watu hao bila kuwaua, na mpango huo ni sehemu ya mtambo kama zilivyo pampu zake. Pale Fukushima haukuwapo. Tume huru ya Bunge la Japani, chini ya Kurokawa Kiyoshi, ilisema wazi mwaka 2012 kwamba ajali ile ilikuwa kazi ya binadamu, tunda la mapatano kati ya serikali, wasimamizi na kampuni. Hukumu hiyo naichukulia kuwa inagusa mabasi ya Okuma sawasawa na jenereta zilizozama.

Baadaye vikaja vifo vya polepole, visivyo na tarehe ya kukumbukwa. Waliotolewa kwa amri walilipwa na TEPCO yen 100,000 kwa mwezi kwa maumivu ya nafsi, kiwango kilichotafutwa kwa kuangalia bima ya lazima ya ajali za magari. Mkulima aliyepoteza shamba la babu yake, ng'ombe wake, makaburi yake na jirani wa kumsalimu asubuhi alipimwa kwa kigezo cha mtu aliyevunjwa mguu barabarani. Waliokuwa nje kidogo ya mstari, wakakimbia kwa hiari yao ili kuwalinda watoto, walipata kidogo sana. Wengi wao walikuwa akina mama waliohamia miji ya mbali huku waume wakibaki kazini, na mwezi Machi 2017 makazi ya bure waliyopewa yakafutwa. Ndoa nyingi zilivunjika katika mwendo huo. Iwaki, mji uliowapokea maelfu, kuta za majengo ya umma ziliandikwa usiku maneno ya kuwafukuza wahamishwa. Yokohama, mtoto aliyehamia kutoka Fukushima aliitwa kijidudu na wanafunzi wenzake, wakamnyang'anya fedha kwa madai kwamba wazazi wake wana fidia.

Wapo waliojiua. Mwaka 2014 mahakama ya Fukushima iliihukumu TEPCO, kwa mara ya kwanza, kuwalipa ndugu wa mwanamke aliyehamishwa kutoka Kawamata akajiua wakati alipopewa ruhusa ya kwenda kuiona nyumba yake. Miaka minne baadaye ikahukumu vivyo hivyo kuhusu mzee wa Iitate mwenye miaka 102, ambaye maishani mwake mote aliishi kijijini na hakukubali kuondoka.

Lakini familia nyingi hazikufika mahakamani. Zilikwenda kwenye kamati za manispaa zinazoamua ni kifo gani kiingie katika daftari la maafa. Kamati hizo zilipewa mwongozo ulioazimwa kutoka tetemeko la Niigata la mwaka 2004, unaokisia kwamba kifo kilichotokea baada ya miezi sita hakihusiani na maafa. Kwa tetemeko, ambapo barabara zinafunguliwa na nyumba za muda zinajengwa, kipimo hicho kinaeleweka. Fukushima watu walikaa katika nyumba za muda miaka mitano, sita, saba. Namie ilianza kufunguliwa mwaka 2017, Okuma 2019, na mji wa Futaba ukawa wa mwisho kuruhusu wakazi kurudi, tarehe 30 Agosti 2022. Mzee aliyesinyaa katika chumba kimoja cha mabati, akiacha kula mwaka wa nne wa kungoja, alikufa nje ya muda uliowekwa. Ndugu zake walitakiwa kuthibitisha kwa nyaraka kwamba kihoro kina chanzo.

Wenye kinu je? Waendesha mashtaka walikataa mara mbili kuwashtaki wakuu wa TEPCO. Ilibidi jopo la raia lilazimishe kesi. Ilielezwa mahakamani kwamba mwaka 2008 hesabu za ndani ya kampuni zilionyesha tsunami ya mita 15.7 ingeweza kuupiga mtambo huo, na kwamba hakuna ukuta uliojengwa. Septemba 2019 washtakiwa watatu, Katsumata Tsunehisa, Takekuro Ichiro na Muto Sakae, waliachiwa huru, kwa sababu mahakama haikuridhika kwamba waliweza kuitabiri tsunami ile. Rufaa ikashindwa mwaka 2023, na Machi 2025 Mahakama ya Juu ikafunga kesi. Katsumata alikuwa ameshafariki. Mahakama hiyohiyo ya Juu ilikuwa imeamua Juni 2022 kwamba dola nayo haiwajibiki kulipa fidia. Matokeo yake ni haya: kisheria kuna watu 44 waliotajwa katika hati ya mashtaka, vifo vyao havina ubishi, sababu yake inajulikana, na hakuna hata mtu mmoja anayebeba jukumu la jinai. Nadhani ubishi wa mionzi umechangia hapo. Kadiri umma unavyozoezwa kuamini kwamba kifo cha nyuklia ni kile cha saratani tu, ndivyo aliyekufa kwa kiu ndani ya basi anavyoonekana kuwa msiba usio na mwenyewe.

Mambo haya yanatuhusu Afrika Mashariki kwa karibu kuliko inavyodhaniwa. Kenya imepanga kujenga mtambo wa kwanza wa nyuklia, na kwa miaka kadhaa mahali palipotajwa ni Uyombo, pwani ya Kilifi. Wakazi waliandamana Mei 2024 wakakabiliwa na polisi, na baadaye macho ya serikali yakageukia Siaya, kando ya Ziwa Victoria. Uganda nayo imechagua Buyende. Mijadala imekuwa juu ya megawati, mikopo, samaki, mikoko na ardhi, na yote hayo ni ya haki. Suala la uhamisho hutajwa kwa kupita tu.

Anayeishi Uyombo akitaka kwenda Mombasa hufuata barabara kuu moja ya pwani na kulivuka daraja la Kilifi. Swali la kuwauliza wapangaji, huko au Siaya au Buyende, ni lilelile ambalo Okuma haikuuliza: katika hospitali iliyo karibu na mtambo kuna vitanda vingapi vya wasioweza kukaa, ambulensi ngapi za kuwalaza, zinatoka wapi, zinapita barabara ipi upepo ukivuma kutoka kwenye mtambo, nesi gani anapanda nao, na hospitali gani upande wa pili imekubali kwa maandishi kuwapokea. Majibu yawekwe mezani kabla ya mkataba wa ujenzi kutiwa saini, yasomwe hadharani kwa lugha wanayoielewa wenyeji, na yajaribiwe kwa mazoezi ya kweli. Na sheria itamke mapema kwamba atakayekufa katika uhamisho huo, awe amekufa siku ya pili au mwaka wa sita, atahesabiwa kuwa ameuawa na ajali, na mwenye mtambo ndiye atakayekuwa na kazi ya kuthibitisha vinginevyo.